Kwelea Kwelea, Jogoo na Taa Isiyozimwa

Mwezi wa nne, kabla jua halijachomoza, watoto wa Ugogo, katika nyanda za kati za Tanzania, wamekwisha kupanda dunguni. Uwele unakomaa na kazi yao ni kuamia ndege: kupiga mayowe, kugonga madebe, kuvurumisha mawe kwa kombeo mpaka jua lizame. Wanayemwamia ni kwelea kwelea, kindege cha gramu 20 hivi, mdomo mwekundu, na dume lake msimu wa kuzaa huwa na uso mweusi kama aliyejipaka masizi. Angekuja mmoja, nani angemjali? Lakini huja kama moshi, maelfu kwa maelfu wanaopinduka angani kwa pamoja, na mkulima aliyechelewa kuamka hukuta masuke matupu.

Ratiba yao haiyumbi. Kukipambazuka wanaondoka kwenye miti ya miiba walikolala, wanakula mpaka jua liwe kali, wanajificha kivulini, kisha jioni wanarudi shambani kwa pupa kujaza kile kifuko cha chakula kilicho shingoni. Magharibi wapo malaloni. Serikali imejifunza kuitumia tabia hiyo. Ndege za kunyunyizia sumu hupaa wakati wa machweo, kundi likiwa limeshatua, maana hiyo ndiyo saa ambayo adui anajulikana alipo. Kiswahili kimeipa mashine na kiumbe jina moja, kikawatenganisha kwa herufi chache tu: ndege ya serikali inawafuata ndege wa porini. Kondoa wapo waliochagua njia nyingine, wanawatega kwa mitego ya kusukwa na kuwafanya kitoweo.

Nani anamwambia kwelea kwelea kuwa saa imefika? Na si saa ya kulala tu, bali hata ya kuzaa, ya kunyonyoka manyoya, ya kunenepa kabla ya safari ndefu? Majaribio yaliyotafuta jibu yalimpitisha ndege huyu kwenye vizimba vyenye taa, na mwisho wake yalifika mpaka kwenye banda la kuku.

Inafaa kuanza na jua lenyewe. Mji wa Dodoma, ulio Ugogo, uko nyuzi 6 na ushei kusini mwa ikweta. Mchana mrefu kuliko yote, wa Desemba, unauzidi ule mfupi wa Juni kwa dakika 43 hivi, basi. Ndiyo maana Waswahili waliweza kuhesabu saa zao kuanzia macheo bila kuhangaika: saa moja ni saa moja, kiangazi na masika. Mtu wa London, ambako mchana wa Juni ni zaidi ya mara mbili ya ule wa Desemba, asingeweza kamwe kuishi na saa ya namna hiyo.

Huko kaskazini jibu lilipatikana mapema. Katika majira ya baridi ya 1924 na 1925, William Rowan wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, aliwafungia ndege wadogo waitwao junko katika vizimba vya nje, kwenye baridi ya kugandisha maji. Jioni aliwawashia balbu za umeme, akaurefusha mchana wao kidogo kidogo. Katikati ya theluji korodani za madume zikavimba kana kwamba msimu wa kuzaa umefika. Ilidhihirika kwamba junko hangoji joto. Anapima urefu wa mchana.

Sawa kwa Kanada. Lakini ndege wa nyanda za kati za Tanganyika apime nini, na mchana wake haukui wala haupungui kiasi cha kuonekana?

Mtu aliyelishikilia swali hilo aliitwa A. J. Marshall, Mwaustralia aliyepoteza mkono mmoja kwa ajali ya bunduki akiwa kijana, na ambaye rafiki zake walimwita Jock. Miaka ya 1950 alifanya kazi London, katika chuo cha tiba cha hospitali ya St Bartholomew. Mwenzake upande huu wa dunia alikuwa H. J. de S. Disney, aliyekuwa akifuatilia mienendo na mazalia ya kwelea kwelea Tanganyika. Hiyo ilikuwa miaka ya vita kamili dhidi ya ndege huyu barani Afrika. Watu walijaribu baruti, virusha moto na sumu, na mwaka uliofuata makundi yakarudi kama kawaida. Serikali ilitaka kujua atazaa lini na wapi ili imuwahi. Marshall alitaka kujua kwa nini anazaa wakati ule na si mwingine. Mara nyingi sayansi huendelea kwa namna hiyo, mmoja ana shida ya shamba na mwingine ana udadisi, wote wawili wakatumia kizimba kimoja.

Mwaka 1956 wawili hao walichapisha taarifa fupi katika jarida la Nature. Kwelea kwelea walioongezewa mwanga walifanya kama junko wa Rowan: viungo vyao vya uzazi vilikua. Hapo pana jambo la kushangaza, ingawa taarifa yenyewe imeandikwa kwa ukavu. Ndege ambaye kwao hakuna mchana mrefu anacho chombo cha kuupima.

Ila chombo hicho hakikutosha kueleza maisha yake halisi. Mwaka 1957 Marshall na Disney walitoa matokeo mengine, na haya yalinukia shamba kuliko maabara. Kichocheo kikubwa cha kujenga viota kilikuwa nyasi mbichi. Dume la kwelea kwelea husuka, na nyasi kavu hazisukiki, zinakatika. Mvua ikinyesha, majani yakichipua, jani bichi likiingia mdomoni mwake, kazi inaanza. Kwa mkulima wa Mpwapwa au Kongwa, ambako mvua za Desemba mpaka Aprili ndizo mvua zote za mwaka, habari hiyo haikuhitaji jarida. Yeye alikwisha kuona kwamba viota hufuata mvua.

Kilichobaki kilikuwa swali gumu zaidi. Mwanga unaweza kumsukuma ndege, majani mabichi yanaweza kumfungulia mlango. Je, mwili wake wenyewe una kalenda? Brian Lofts, mwenzake Marshall, aliamua kuwanyima ndege habari zote. Aliwaweka kwelea kwelea chini ya taa iliyowaka saa 12 na kuzimwa saa 12, leo kama jana, bila mvua, bila majani mabichi, bila dakika moja ya ziada. Kama wanategemea dalili za nje, basi wangeganda walivyo. Hawakuganda. Korodani zilikua na kusinyaa, manyoya ya msimu wa kuzaa yakaja na kuondoka, yakaja tena. Lofts alichapisha matokeo hayo katika Nature mwaka 1964, akikiita alichokiona mdundo wa uzazi unaojiendesha wenyewe ndani ya ndege wa ikweta. Kalenda ilikuwa ndani.

Miaka ilipopita, Mjerumani Eberhard Gwinner aliurudia mtihani huo kwa subira ambayo watafiti wachache wanayo. Alimchagua ndege mwingine wa Afrika Mashariki, kindege cha nyanda za juu za Kenya chenye kichwa cheusi na kifua cha rangi ya kutu, ambacho huonekana pia katika milima ya Tanzania kikiwa kimetua juu ya kijiti. Huko Ujerumani ndege hao waliishi miaka mingi chini ya mchana usiobadilika wa saa 12 na robo. Gwinner na John Dittami waliandika katika jarida la Science mwaka 1990 kwamba mizunguko ya uzazi na ya kunyonyoka manyoya iliendelea tu, mwaka baada ya mwaka, lakini haikulingana na miezi 12. Wengine mwaka wao ulikuwa wa miezi 9 hivi. Kutolingana huko ndiko kulikokuwa ushahidi. Ndege anayechungulia dunia ya nje kwa siri angepata miezi 12 kamili. Huyu alikuwa anasoma saa yake mwenyewe, na saa yake ilikuwa inakimbia.

Kwa hiyo porini lazima pawe na kitu cha kuirekebisha. Mwaka 1998 watafiti waliofanya kazi na ndege wa msituni wa Panama walionyesha kwamba mchana ukirefushwa kwa dakika 17 tu, mwili wake unajua. Mwaka 2012 kundi la akina Wolfgang Goymann na Barbara Helm lilionyesha kwamba kile kindege cha Kenya kinaweza hata kutumia jambo dogo zaidi: pale ikweta urefu wa mchana haubadiliki, lakini saa ya jua kuchomoza husogea mbele na kurudi nyuma kidogo katika mwaka, na hiyo inakitosha. Mbele ya ndege wa namna hiyo, dakika 43 za Dodoma ni nyingi mno.

Saa ya mwaka imejengwa juu ya saa ya siku, na hapa historia inafika kwa kuku.

Mwaka 1954 Jürgen Aschoff, Mjerumani mwingine, alichapisha utafiti kuhusu vifaranga walioanguliwa na kulelewa bila kuonja tofauti ya mchana na usiku. Hawakuwahi kuona macheo wala machweo, wala mama wa kuwafundisha. Hata hivyo walichangamka na kutulia kwa mzunguko wa karibu saa 24. Saa ile walizaliwa nayo. Baadaye Aschoff alipima ndege wengi katika mwanga usiozimwa, akakuta kwamba kwa viumbe wa mchana, kadiri taa inavyokuwa kali ndivyo saa ya mwili inavyokwenda mbio. Ikiwa kali zaidi, saa inavurugika. Ndege anakula kidogo, anarukaruka, anasinzia, anakula tena, usiku na mchana vikiwa kitu kimoja.

Saa hiyo imekaa wapi? Jibu moja lilitoka kwa shomoro wa nyumbani, yule aliyeletwa Zanzibar kutoka India mwanzoni mwa karne ya 20 na ambaye leo anadonoa makombo katika miji mingi ya bara. Huko Texas, Michael Menaker aliwachukua shomoro wasio na macho akakuta bado wanafuata taa. Alipowanyonyoa manyoya ya kichwani walifuata hata taa dhaifu. Alipoingiza wino mweusi chini ya ngozi ya kichwa, uwezo wao wa kuifuata ulififia. Mwanga ulikuwa unapenya fuvu. Mwaka 1968 yeye na Suzanne Gaston walionyesha kwamba ukiiondoa tezi ndogo ya juu ya ubongo, iitwayo pineali, shomoro aliyewekwa gizani anapoteza mdundo wake kabisa. Mwaka 1979 Menaker na Natille Zimmerman walikwenda mbali zaidi. Walihamisha tezi ya shomoro mmoja wakaipandikiza ndani ya jicho la mwingine aliyekuwa hana yake, na huyo wa pili akaanza kuamka kwa saa za yule wa kwanza.

Tezi hiyo hutoa homoni ya melatonini, ambayo Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale aliitambua mwaka 1958 kutoka kwenye tezi za ng'ombe. Giza likiingia inapanda, mwanga ukiingia inashuka. Kwa ndege ni kama mbiu ya mgambo: usiku umeingia, shusheni joto, punguzeni moto wa tumboni, anzeni kutumia akiba. Taa isipozimwa, mbiu hailii.

Na mbiu isipolia, mwili unaendaje? Anayetaka kuelewa amtazame kuku anayelala katika tembe. Jioni anajaza kifuko cha shingoni. Usiku chakula hicho kinashuka polepole, joto la mwili linalokaribia nyuzi 41 linashuka kidogo, na mwili unageukia mafuta uliyoweka mchana. Mtetea ana kazi ya ziada. Yai humchukua saa 25 hivi, na sehemu kubwa ya muda huo, kama saa 20, ni ya kuvika ganda, tena mara nyingi gizani. Ndiyo sababu kila siku anataga akiwa amechelewa kidogo kuliko jana, mpaka siku moja anapumzika. Wote bandani hutaga asubuhi au kabla ya mchana kuisha kwa sababu usiku unawapanga. Weka taa isiyozimwa, na mayai yanaanguka saa yoyote, alasiri kama usiku wa manane.

Jogoo naye alikuwa na siri yake. Ugogo hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba jogoo hangoji alfajiri bali anaitangulia. Jogoo la kwanza na jogoo la pili ni vipimo vya wakati vilivyokuwapo kabla ya saa ya mkononi. Hata hivyo mwaka 2013 Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwafungia majogoo katika mwanga hafifu usiobadilika, usiku na mchana. Majogoo waliendelea kuwika kwa mzunguko wa karibu saa 24, kila mara kana kwamba alfajiri inakuja. Siku zilipopita katika mwanga ule, mdundo ukafifia, ukapotea. Mwaka 2015 watafiti hao waliongeza jambo ambalo bibi yeyote wa kijijini angelithibitisha bure: jogoo mkubwa wa kundi huwika kwanza, wadogo wanafuata kwa vyeo vyao.

Mwanga wenyewe si lazima uwe mkali. Huko Ujerumani, mwaka huohuo wa 2013, Davide Dominoni na wenzake waliwaweka ndege weusi wa mjini na wa msituni katika mwanga wa usiku wa lukisi 0.3, ambao ni hafifu kuliko ule unaomwagika chini ya taa ya barabarani. Mwaka wa kwanza madume walikuwa tayari kuzaa karibu mwezi mmoja mapema. Mwaka wa pili hawakuwa tayari kabisa. Korodani zilibaki ndogo. Kwa nyanda za kati hilo si jambo la mbali. Dodoma, iliyoanza mwaka 1907 kama kituo cha Wajerumani kwenye njia ya reli ya kati, ikachaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, sasa ina barabara za taa mpaka Mtumba. Palipokuwa vichaka vya miiba vyenye giza totoro pana nguzo na balbu.

Lakini mwanga unaowagusa ndege wengi zaidi hauko barabarani. Uko bandani. Kuku wa kienyeji wa Dodoma na Singida, wanaosafirishwa kwa matenga hadi Dar es Salaam, bado wanalala jua likizama. Kuku wa nyama wa kisasa ni habari nyingine. Analelewa wiki tano au sita, na wafugaji wengi humwachia taa usiku kucha ili asiache kula, kwa hesabu iliyo rahisi kueleweka: saa ya kulala ni saa isiyoongeza uzito.

Hesabu hiyo ilikuja na mbegu na vitabu kutoka nje, na huko nje imeanza kurekebishwa. Tangu mwaka 1961 Jean Lauber na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba vifaranga waliokulia katika mwanga usiozimwa macho yao huvimba na kuharibika. Baadaye ikaonekana kwamba saa 4 za giza kila siku, kwa wakati uleule, zinayakinga. Huko Saskatchewan, Kanada, Karen Schwean-Lardner alilinganisha kuku waliopewa saa 14, 17, 20 na 23 za mwanga. Waliopewa 23 hawakuwa wazito kuliko wote; waliopewa 20 waliwazidi. Vifo vilipungua kadiri giza lilivyoongezwa, na wale wa saa 23 walishinda wamelala chini, hawana nguvu za kutembea. Kifaranga aliyepewa usiku hujifunza kula kwa mpango: anajaza kifuko kabla ya giza, anachoma kidogo anapolala, na mifupa inapata muda wa kuwahi nyama. Umoja wa Ulaya ulipoweka kanuni zake mwaka 2007 uliamuru saa 6 za giza kwa siku, 4 kati yake zisikatizwe.

Na ile saa 1 ya giza katika ratiba ya zamani ya saa 23 ilitoka wapi? Haikuwa huruma, wala haikuwa elimu ya saa za mwili. Ilikuwa hofu ya umeme kukatika. Kuku ambaye hajawahi kuona giza, taa ikizimika ghafla, anaingiwa na kiwewe. Kundi zima hukimbilia kona moja, wakapandana, wa chini wakafa kwa kukosa pumzi. Kwa hiyo walizoeshwa giza kidogo, kama chanjo.

Wafugaji wa nyanda za kati wanalielewa hilo bila mhadhara. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lilipokauka kiasi cha kuleta mgao wa umeme wa mwaka 2006, taa za mabanda zilizimika pamoja na taa za ofisi. Mgao ulirudi mwaka 2011, ukarudi tena mwaka 2023. Usiku wa namna hiyo mfugaji hukimbilia bandani na tochi, anawatawanya vifaranga kutoka kwenye kona kwa mikono yake, anakoleza mkaa kwenye jiko la kulelea, kisha anakaa nao kwenye giza mpaka jogoo wa jirani awike. Wake hawatajibu. Watakuwa wamechinjwa kabla hawajafikia umri wa kuwika.